Likizo ndefu ya Disemba hapa Tanga: mtoto afanye nini kati ya twisheni na kibanda umiza?

Mwl_wa_Pwani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Shule zinakaribia kufungwa na matangazo ya twisheni ya likizo yameshabandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Chumbageni hadi Makorora. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini na pia ni mzazi wa watoto wa rika hilo, kwa hiyo swali la mtoto afanye nini mpaka Januari hunikuta shuleni na kunisubiri nyumbani. Nimelianzishia uzi kwa sababu kila mwaka naona wazazi tukijibana kwenye mambo mawili: ama mtoto arudishwe darasani kwa jina la twisheni, ama aachiwe mtaa, ambako kibanda umiza (banda la kuonyeshea video) na mashine za bonanza (za kamari) hazikosi wateja wadogo. Naamini lipo la tatu, na halina gharama kubwa: mtoto apewe swali lake mwenyewe ambalo jibu lake halimo kitabuni, na awepo mtu mzima wa kumsikiliza anapolijibu.

Kwamba watoto husahau wakati wa likizo, mwalimu yeyote aliyeingia darasani wiki ya kwanza ya Januari analijua. Wenzetu wa Marekani, ambako likizo ya kiangazi huchukua takriban wiki 10, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39 na kukuta kwamba, kwa wastani, mtoto alirudi shuleni akiwa amepoteza kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kwamba hisabati ilishuka zaidi kuliko kusoma. Wapo watafiti wa baadaye waliotilia shaka ukubwa wa hasara hiyo kutokana na jinsi mitihani ya zamani ilivyopimwa, na kwa kuwa likizo yetu ni kama mwezi mmoja tu, si haki kuzihamisha namba zao kama zilivyo. Hata hivyo, sababu waliyoitoa kuhusu hisabati inaingia akilini hata hapa Ngamiani: mtoto anaweza kukutana na maandishi kwenye daladala, kwenye pakiti ya unga na kwenye mabango ya maduka, lakini ni nadra mtaani kukutana na mtu anayemtaka agawanye kwa njia ndefu.

Sasa twisheni. Ninayoifahamu mimi ni chumba kimoja chenye watoto wa madarasa matatu tofauti, ubao uliojaa maswali ya mitihani iliyopita, na mwalimu aliyechoka. Mtoto ambaye Novemba hakuelewa kugawanya anapewa maswali mengine arobaini ya kugawanya, anayakosa yote, na Januari anarudi akiwa na hakika kwamba hesabu si fungu lake. Zipo twisheni nzuri, sikatai, hasa pale mwalimu anapomchukua mtoto mmoja mwenye pengo moja linalojulikana. Nyingi si hizo.

Nitatoa mfano wa ninachofanya nyumbani, nao ni wa maji kujaa na kupwa. Kijana wangu wa darasa la tano alipewa daftari lenye safu nne alizozichora mwenyewe kwa rula: tarehe, saa maji yalipojaa, umbo la mwezi, na idadi ya ngazi zilizobaki kavu. Ngazi hizo ni zile za saruji za kushukia baharini upande wa Raskazone. Sharti lilikuwa moja, kwamba haingii majini na haendi bila mkubwa. Swali nililompa lilikuwa fupi: utaweza kuniambia leo kwamba kesho maji yatajaa saa ngapi?

Siku za kwanza aliandika tu bila kuona kitu. Kisha akaja kuniambia kwamba bahari inachelewa. Nikamuuliza inachelewa kwa kiasi gani, akakaa chini kutoa saa nne na dakika ishirini kutoka saa tano na dakika kumi, na akapata dakika 90. Mwalimu yeyote ataliona kosa hilo mara moja: alipokopa saa moja aliihesabu kuwa dakika 100 badala ya 60. Sikumsahihisha. Alitabiri maji ya kesho kwa dakika zake 90, tukaenda, tukakuta maji yameshajaa na yameanza kurudi. Akarudi kwenye daftari kwa hasira, akalitafuta kosa mpaka akalipata, na tangu siku hiyo hajakopa tena vibaya kwenye hesabu za saa. Nimefundisha mada hiyo darasani kwa miaka kadhaa, na sijaona ikiingia kichwani kwa haraka namna ile.

Kwa wasiojua, maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, siku nyingine pungufu na siku nyingine zaidi. Sababu ni kwamba wakati dunia inajizungusha mara moja, mwezi nao umesogea mbele kwenye njia yake, hivyo pwani yetu inahitaji muda kidogo wa ziada ili iufikie tena. Mwache mtoto azidishe 50 kwa siku saba. Atapata dakika 350, yaani karibu saa sita. Hapo ataelewa mwenyewe kwa nini siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu hubaki kavu mnamo saa nne asubuhi na watu hutoka kwenda kutafuta pweza, ilhali wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa ile ile maji yamejaa, ingawa hayafiki juu sana. Wavuvi wa Deep Sea, diko la hapa mjini, wanayajua haya yote kwa kichwa, na kijana aliyekuwa na daftari lake alipata ujasiri wa kwenda kuwauliza. Hilo la kuuliza watu wazima kwa adabu na kuandika majibu yao, shuleni hatulifundishi.

Usiku, baada ya chakula, anasoma kwa sauti alichoandika na kisha kurasa chache za kitabu anachokitaka, kwa dakika kumi na tano hivi. Mimi nasikiliza na simu nimeiweka chumbani. Kusema kweli, sehemu ngumu kwangu ni hiyo ya simu.

Karibuni tujadili.

MamaVitumbua

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na nakubaliana nawe kwa mengi, lakini naomba nikukumbushe kwamba si kila mzazi ana jioni ya kwenda Raskazone. Mimi naamka saa kumi alfajiri, nauza vitumbua na chai mpaka saa nne, kisha naenda soko la Mgandini kutafuta mahitaji ya kesho. Binti yangu yuko darasa la sita, na mdogo wake wa kiume yuko la nne. Likizo ikifika, binti ndiye mkono wangu wa kulia. Huyo muda wa kuuliza maswali ya bahari anautoa wapi?

Mwl_wa_Pwani

Dada yangu, umenigusa mahali panapostahili, na sitakujibu kwa kukuambia utafute muda usiokuwa nao. Biashara yako yenyewe ndiyo daftari. Mkabidhi binti hesabu za vitumbua kwa likizo nzima, kwa maana ya kumkabidhi kweli. Jioni kabla ya kuroweka mchele aandike kiasi na bei ya mchele, nazi, sukari, hamira, iliki, mafuta na mkaa. Asubuhi baada ya kuuza aandike vilivyouzwa, vilivyobaki na vilivyoliwa na nyinyi wenyewe, kwa sababu hivyo navyo vina gharama. Baada ya wiki moja mpe swali ambalo hata wewe hulijibu kwa uhakika: kitumbua kimoja kinatugharimu shilingi ngapi hasa? Atakutana na desimali, na wastani, na tatizo la gunia la mkaa linalotumika siku nyingi, ambalo inabidi ligawanywe. Swali la pili ni gumu zaidi: nazi ikipanda bei, tupandishe bei ya kitumbua au tupunguze ukubwa, na wateja watafanya nini?

Naomba pia nililete jambo moja ambalo huwa halisemwi. Katika nyumba nyingi za kwetu likizo ya msichana si likizo. Vyombo, kufua, kuteka maji na kumbeba mdogo vinamwangukia yeye, huku kaka yake akicheza mpira mpaka magharibi, na Januari tunashangaa kwa nini aliyekuwa wa tatu darasani amekuwa wa kumi na tano. Huyo wa darasa la nne ana mikono miwili. Aoshe vyombo vya asubuhi, ili dada yake apate saa moja ya kukaa na daftari bila kuitwa.

Kichwa_Ngumu

Mwalimu, haya ni mazuri kwa watoto wasiokabiliwa na mtihani wa taifa. Mimi nina wa darasa la saba, mwenzako. Wakati wako anahesabu ngazi za bahari, watoto wa shule binafsi wako kambini wanapigishwa maswali usiku na mchana. Ukimnyima mtoto twisheni kwa falsafa, matokeo yakitoka utamwambia nini?

Mwl_wa_Pwani

Kaka, tuangalie kalenda kwanza. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kwa hiyo likizo inayotangulia mtihani ni ya Juni, na kwa Juni sina ugomvi na mazoezi ya mitihani kwa kiasi, mradi mtoto alale. Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya Disemba, ambapo hakuna mtoto wa shule ya msingi mwenye mtihani mlangoni, lakini twisheni zinajaa vile vile. Hapo ndipo ninapouliza zinajaza nini.

Hata hivyo umenikumbusha kundi ambalo ningepaswa kulianza nalo. Mtoto anayemaliza darasa la saba Septemba hukaa nyumbani mpaka aingie kidato cha kwanza Januari, yaani karibu miezi minne. Hata Marekani hakuna likizo ya namna hiyo. Na si muda mrefu tu: huyu ametoka kufundishwa kwa Kiswahili na anakwenda kufundishwa Baiolojia, Fizikia na Jiografia kwa Kiingereza. Kozi za maandalizi ya kidato cha kwanza zinajua hofu hiyo ya wazazi na zinaitoza vizuri. Ninazoziona humkaririsha mtoto notisi za kidato cha kwanza asizozielewa, ili Januari azikariri tena.

Ushauri wangu kwa miezi hiyo ni kumfundisha Kiingereza kupitia jambo analolijua tayari. Kama daftari la maji kujaa na kupwa ameliandika kwa Kiswahili na analielewa, sasa aliandike upya kwa Kiingereza, sentensi tano kwa siku, akiwa na kamusi mezani. Maana ya jambo anayo, kwa hiyo anapambana na lugha peke yake. Kwenye notisi za kukariri anapambana na vyote viwili kwa wakati mmoja, na huko ndiko wengi wanakovunjika moyo.

Na kama unataka hesabu zenye sura ya mtihani, mkoa wetu unazo. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyoagizwa kutoka Florida ilikuwa 1,000, ikazungushwa kwa meli kupitia Ujerumani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Muulize kijana ni asilimia ngapi iliyonusurika, kisha umpitishe kwenye shamba la mkonge ukiwa njiani kwenda Muheza na umwambie kwamba kilimo kile chote kilianzia kwenye 62 hizo. Hataisahau hesabu hiyo ya asilimia.

Nadokeza kuhusu ziara, kwa kuwa najua kuna atakayeuliza. Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na jumba la makumbusho la Urithi ni mahali pazuri, lakini mtoto aliyepelekwa bila swali hurudi na picha za simu basi. Mmoja nilimwomba atafute Amboni kwa nini maji, ambayo ni laini, yametoboa jiwe. Alimsumbua mtembeza wageni mpaka akaelezwa juu ya mawe ya chokaa na jinsi maji yenye tindikali kidogo yanavyoyayeyusha kwa muda mrefu mno. Wenzake walihesabu popo, na hilo nalo si baya.

Mtanga_Ughaibuni

Nawasalimu kutoka mbali. Nilizaliwa Mikanjuni, sasa ninaishi Marekani na wanangu wanasoma huku. Ningependa kuongeza kwamba huku likizo ya kiangazi inabebwa sana na maktaba za umma, ambazo zimekuwa na mipango ya usomaji wa likizo kwa watoto tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto anajiandikisha bure, anaandika vitabu alivyosoma, na mwisho anapewa zawadi ndogo. Kilichonishangaza ni kwamba mkutubi hamchagulii mtoto kitabu. Mwanangu alisoma vitabu vya papa mfululizo kiangazi kizima, na alipozuiliwa na mama yake, mkutubi akamtetea.

Mwl_wa_Pwani

Ahsante sana ndugu yangu, na mkutubi huyo ana ushahidi upande wake. Richard Allington na Anne McGill-Franzen walifanya utafiti Florida kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo: kila mwisho wa mwaka wa masomo, kwa miaka mitatu mfululizo, mtoto alipewa vitabu 12 alivyovichagua mwenyewe aende navyo nyumbani. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa vitabu walisoma vizuri zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Hakukuwa na mwalimu nyumbani, wala mtihani. Vilikuwa vitabu, na uhuru wa kuvichagua.

Hapa tunayo Maktaba ya Mkoa, kwenye lile jengo la kumbukumbu ya King George VI ambalo wengi tunalipita kila siku tukidhani ni la wanafunzi wa vyuo. Kwa wale wanaopenda papa, sisi tuna samaki wa ajabu zaidi. Silikanti alidhaniwa ametoweka pamoja na madinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wa mkoa huu wamemnasa mara kadhaa kwenye nyavu zao tangu miaka ya 2000, kiasi kwamba tangu mwaka 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa hapa Tanga. Mtoto akianza kuuliza habari za samaki huyo, mpeni chochote chenye maandishi kinachomhusu, hata kama ni kipeperushi.

Bibi_wa_Pongwe

Wanangu, hamjambo. Huyu mjukuu wangu ndiye ananiandikia, mimi nasema. Ninalea wajukuu wawili. Huyu anayeandika yuko darasa la saba, hana shida. Mdogo anaingia darasa la tatu na bado hajui kusoma, anakariri picha. Asubuhi anakwenda chuoni kwa maalim kusoma Kurani, jioni anacheza. Mimi macho yangu hayasomi tena, na hata zamani sikusoma sana. Babu yao anajua bao tu. Mwalimu unasemaje?

Mwl_wa_Pwani

Shikamoo bibi. Nakushukuru kwa kulisema wazi, kwa sababu wazazi wengi hulificha mpaka darasa la tano. Kwa huyu mdogo mambo ya bahari na mkonge yasubiri. Kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo kazi yake ya likizo, na nyumba yako ina watu wa kutosha kuifanya.

Huyu mkubwa anayekuandikia awe mwalimu wake, kila siku baada ya kutoka chuoni, kwa muda mfupi, pasiwe na fimbo wala kumcheka. Asianze na kitabu. Akate vipande vya boksi na kuandika silabi: ma, me, mi, mo, mu, kisha ba, be, bi, bo, bu, na kuendelea. Mdogo avipange kutengeneza maneno anayoyajua: mama, bibi, babu, muhogo. Kiswahili kina huruma kwa msomaji mdogo, kwa kuwa kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa, na mtoto akizishika silabi hahitaji tena kukariri picha. Akifikia kusoma maneno, kila siku amtungie bibi sentensi moja kuhusu jambo lililotokea nyumbani, aiandike, na akusomee wewe. Macho hayahitajiki kwa kazi hiyo, bibi. Unachotakiwa kufanya ni kumwambia arudie pale usipoelewa, na kumuuliza swali moja juu ya alichokisoma.

Babu naye ana kazi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na katika lile la kujifunzia kila shimo huanza na kete mbili. Mtoto akicheza na babu jioni anahesabu, anajumlisha na anakisia kete zitaishia shimo lipi kabla hajazigusa. Babu amwambie ataje shimo hilo kwa sauti kwanza, ndipo acheze. Akikosea, zirudishwe na aanze upya.

Huyu mkubwa, kama ndiye uliyemaliza mtihani Septemba, uniandikie hapa kila Ijumaa silabi ambazo mdogo wako amezishika na zile zinazomshinda. Mara nyingi zinazoshinda ni zenye herufi mbili za konsonanti, kama mb, nd, ng' na ny, kwa hiyo usiziharakishe. Kwanza hakikisha yale maneno mepesi anayasoma hata ukivichanganya vipande vya boksi juu ya mkeka.